Moldi ni ile ile, kifuniko kimegoma: kisa cha moldi 11 zilizohama kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam

Kifuniko cha kwanza kilitoka mashineni saa nne asubuhi. Ilipofika saa sita tulikuwa na vifuniko zaidi ya mia mbili mezani na sakafuni, na hakuna hata kimoja kilichokubali kufunga ndoo. Ukibana upande huu, upande ule unainuka. Ukikipiga kiganja kwa nguvu kinaingia, lakini ukingo unapasuka. Meneja uzalishaji hakuwa na maneno mengi. Alishika kimoja, akakigeuza, akaniuliza: "Moldi imepinda njiani?" Moldi ndicho chuma ambacho plastiki ya moto huingizwa ndani yake ili kupata umbo.

Pembeni yangu fundi wa karakana alikuwa ameshatoa grainda ndogo ya mkono na mawe ya kung'arishia. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Kifuniko kimetoka kidogo, basi tundu lake kwenye chuma lipanuliwe. Theluthi ya milimita kila upande, na kabla ya magharibi kazi imekwisha. Nilimwomba asubiri. Nilithubutu kumwomba hivyo kwa sababu nilikuwa na kitu kimoja kwenye kompyuta yangu: umbo la moldi ile ile, nililolichukua kwa leza Nairobi miezi mitatu na zaidi kabla ya hapo, siku moja baada ya moldi hiyo kutoa vifuniko vyake vya mwisho vilivyofunga vizuri.

Nasimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hapa kwetu viwanda vinanunua mashine na moldi zilizotumika kila siku, na karibu kila mara zinahama zikiwa na hati za forodha na picha chache za simu, basi.

Chuma bila mchoro

Kiwanda kimoja cha plastiki katika eneo la viwanda la Nairobi kilikuwa kinaacha kutengeneza bidhaa za nyumbani. Kiwanda cha Dar es Salaam, ambacho ndicho kilichoniajiri kwa kazi hii, kilinunua moldi zake 11: ndoo ya lita 20 na kifuniko chake, ndoo ya lita 10 na kifuniko chake, mabeseni ya ukubwa tatu, jagi, kikombe, sahani na kigoda. Kitabuni neno ni kalibu, lakini viwandani sote tunasema moldi, nami nitabaki na hilo.

Hapakuwa na mchoro hata mmoja. Moldi zilikuwa zimetengenezwa Uchina na India kwa nyakati tofauti, zikarekebishwa Nairobi kwa miaka mingi: hapa pini imebadilishwa, pale kona imechomelewa na kusawazishwa upya, kule njia ya maji ya kupozea imezibwa na kutobolewa nyingine. Hata kama mchoro wa awali ungepatikana, usingefanana tena na chuma. Mnunuzi alijua anachonunua kwa uzito wake na kwa sampuli alizoletewa mezani.

Mtu anaweza kudhani tatizo hili ni la viwanda vidogo tu. Mwaka 2004 kampuni ya SAIC ya Shanghai ilinunua kutoka MG Rover ya Uingereza haki za usanifu wa magari ya Rover 25 na 75 kwa pauni milioni 67. Mwaka uliofuata MG Rover ikafilisika, na Nanjing Automobile, nayo ya Uchina, ikanunua mali zake kwa takriban pauni milioni 53, zikiwemo zana za kiwanda cha Longbridge, ambazo zilifunguliwa na kusafirishwa hadi Nanjing. Mmoja akawa na haki za usanifu, mwingine akawa na vyuma. Gari la aina moja likazaliwa mara mbili, kama Roewe 750 na kama MG 7, hadi kampuni hizo zilipoungana mwishoni mwa 2007. Mimi huona katika kisa hicho kwamba umbo na chuma ni mali mbili tofauti, na anayenunua moja bila nyingine atalipa pengo hilo mwenyewe. Sisi tulinunua chuma. Umbo ilibidi tulitoe kwenye chuma chenyewe.

Siku tatu Nairobi

Nilipewa siku tatu za kazi, katikati ya Julai, kabla lori halijaja. Kifaa changu ni skana ya mkononi: inarusha mistari ya leza juu ya chuma, na kamera zake mbili zinaitazama mistari hiyo kwa pembe. Mstari ukipita kwenye bonde unapinda, ukipita kwenye kilima unapinda kinyume, na kutokana na mpindo huo programu inakokotoa mahali pa kila nukta. Vibandiko vidogo vya duara vinavyorudisha mwanga, vilivyobandikwa juu ya moldi, ndivyo vinavyoiambia skana iko wapi kila inaposogea. Matokeo yake ni wingu la mamilioni ya nukta, ambalo baadaye hufumwa kuwa wavu wa pembetatu ndogondogo. Kwa kitu cha ukubwa wa moldi ya kifuniko, kifaa changu kinakosea kwa takriban 0.03 mm. Venia nzuri, kile kipimo cha mkono chenye taya mbili, inaweza kukupa usahihi unaokaribiana na huo, lakini kwa kipimo kimoja kati ya sehemu mbili. Leza inakupa sura yote, na hasa zile sehemu ambazo hukujua siku ile kwamba ungekuja kuzihitaji.

Sehemu kubwa ya muda iliishia kwenye kusafisha. Grisi ya miaka kumi haiondoki kwa kitambaa. Vibandiko havishiki juu ya mafuta, na skana itakupimia grisi kwa uaminifu mkubwa kana kwamba ni chuma. Nyuso zilizong'arishwa hadi kuwa kioo zinatupa mwanga pembeni na kamera hazioni kitu, kwa hiyo nilizipulizia dawa nyeupe inayofifisha mng'aro kisha ikayeyuka hewani yenyewe. Tabaka lake ni maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ukipuliza kwa mkono mwepesi. Ukipuliza kama unapaka rangi ukuta, umeshajiongezea kosa.

Fundi mkuu wa pale, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, alikaa nami siku zote tatu. Kazi yake rasmi ilikuwa kuendesha kreni na kufungua moldi. Alifanya zaidi ya hapo. Kila nusu ya moldi ilipofunguka alinionyesha kwa kidole mahali ilipowahi kuguswa, na mimi nikaandika. Siku ya pili, tulipokuwa kwenye moldi ya kifuniko cha ndoo kubwa, alinitazama nikijaza karatasi yangu ya joto la silinda, shinikizo na sekunde za kupoza, akasema: "Kijana, andika na maji. Hii kifuniko inapenda maji baridi." Alikwenda mwenyewe na kipimajoto hadi kwenye bomba linaloingia moldini, akarudi na jibu: nyuzi 19. Nikaandika. Sikulipa uzito wowote. Niliandika kwa sababu mzee amesema.

Kwa kila moldi niliyoiskani nilichukua pia bidhaa tano za mwisho kutoka mashineni, nikaziandika tarehe kwa kalamu isiyofutika, na nikaandika joto la chuma wakati wa kuskani. Naona watu wengi wanaruka hatua hii ya bidhaa. Wanafikiri moldi ndiyo mali na bidhaa ni matokeo tu, lakini bidhaa ya mwisho iliyo nzuri ndiyo inayokuambia kwamba moldi, kwa hali yake ile ile na kasoro zake zile zile, ilikuwa inafanya kazi.

Siku hiyo hiyo ya pili tulipoteza nusu siku. Moldi ya ndoo ya lita 10 ilikuwa na kibati kilichopigwa rivet ubavuni, kikisema ni mali ya kampuni nyingine kabisa, kampuni ya rangi iliyokuwa ikiagiza ndoo zake hapo. Hili ni jambo la kawaida: mteja analipia moldi, kiwanda kinaitunza na kuitumia. Lakini kuiskani ni kutoa nakala ya umbo lake, na mwenye umbo hakuwepo mezani. Nilisimamisha kazi hadi barua ya ridhaa ilipokuja kesho yake asubuhi. Sijutii. Moldi ina mwenyewe, na umbo lina mwenyewe, na mara nyingine hao si mtu mmoja.

Ila nusu siku ile ndiyo iliyoamua kilichofuata. Lori lilikuwa limeshalipiwa, na jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimemaliza moldi saba. Nilichagua mwenyewe zipi zibaki: mabeseni mawili, sahani na kigoda. Nilijiambia beseni ni umbo rahisi, halina cha kupotea. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na haukuwa sahihi.

Moldi zilipakwa mafuta ya kuzuia kutu, nusu zake zikafungwa kwa vibati vya chuma zisiachane njiani, zikapakiwa. Njia ilikuwa Namanga, Arusha, Moshi, Segera, Chalinze. Zilifika zote 11, kwa hesabu na kwa uzito.

Kuuliza chuma kabla ya kukikata

Turudi kwenye vifuniko. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mashine yenye nguvu ya kubana moldi ya tani 350 imefungwa, imejaribiwa, na moldi ya kifuniko ndiyo ya kwanza kupanda. Ndoo tulizojaribia zilikuwa zimetoka Nairobi, sehemu ya akiba iliyouzwa pamoja na moldi. Hizo hazikuwa na lawama: vifuniko vya Nairobi nilivyokuwa navyo, vile vitano vyenye tarehe, vilizifunga kwa mlio ule unaotakiwa.

Tuliteremsha moldi jioni ile ile. Niliiskani usiku, ilipopoa na kulingana na joto la karakana, ambalo hata saa tano usiku lilikuwa nyuzi 30. Nairobi chuma kilikuwa nyuzi 21.

Hapa kuna kosa nililolifanya, na naliona kwa wenzangu pia. Programu za kulinganisha zina kitufe kinachochukua wingu la zamani na wingu jipya na kuyalaza moja juu ya jingine kwa namna ambayo tofauti zote kwa jumla zitakuwa ndogo kabisa. Nilikibonyeza. Ramani ya rangi ikatoka kijani tupu, na kijani maana yake hakuna tofauti. Meneja akafurahi, nami nikakaribia kufurahi. Lakini ulinganishi wa aina hiyo una tabia ya kugawa kosa. Kama kona moja imezama, utaiinua kidogo na kuzishusha nyingine kidogo, mpaka kila mahali paonekane na hitilafu ndogo isiyo na maana. Nilirudia kwa njia nyingine: nililaza mawingu kwa kutumia matundu manne ya nguzo zinazoongoza nusu za moldi zikutane, pamoja na uso zinapofungia. Hizo ndizo sehemu ambazo moldi yenyewe inazitumia kujua iko wapi. Kijani kikabaki kijani, na safari hii nilikiamini.

Duara la chuma linalotengeneza ukingo wa kifuniko lilikuwa na kipenyo cha 303.12 mm Nairobi. Dar lilisoma 303.15. Fundi wa grainda alipoona namba hizo alisema: "Unaona? Limetanuka." Ni kweli lilitanuka, lakini kwa joto. Mita moja ya chuma inarefuka kwa takriban maikroni 11.5 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chukua milimita 303, zidisha kwa tofauti ya nyuzi tisa, unapata 0.03 mm, ile ile tofauti tunayoibishania. Ukivirudisha vipimo vyote viwili kwenye nyuzi 20, joto ambalo vipimo vya viwandani duniani vinarejelea, vinakutana. Chuma hakikuguswa na safari. Na hata kama kingekuwa kimetanuka kweli, kifuniko kingetoka kikubwa zaidi, siyo kidogo.

Basi kidole kikahama kutoka moldini kwenda kwenye plastiki. Kuilinganisha plastiki kunataka uvumilivu kuliko chuma. Polietilini, plastiki ya vifuniko hivi, ikishatoka mashineni inaendelea kusinyaa kwa siku moja, mbili, na inabadilika ukubwa kwa joto la chumba mara kumi au zaidi kuliko chuma. Ukipima kifuniko cha Dar saa nane mchana dirishani na kukilinganisha na namba iliyoandikwa Nairobi asubuhi ya Julai, umelinganisha hali ya hewa. Niliweka vifuniko vya miji yote miwili katika chumba kimoja chenye kiyoyozi kwa saa 48. Kisha nikaviskani vikiwa vimelala juu ya bamba bapa bila kubanwa, nikachukua wastani wa kipenyo kuzunguka ukingo wote, kwa sababu kifuniko chochote kina uduara uliolegea kidogo.

Vya Nairobi: 297.2 mm. Vya Dar: 296.5. Yaani plastiki ya Nairobi ilisinyaa kwa asilimia 1.95 kutoka kwenye ukubwa wa chuma, na ya Dar kwa asilimia 2.18. Aina hii ya polietilini husinyaa kati ya asilimia 1.5 na 3, kutegemea inavyotendewa. Hakuna kilichokuwa nje ya tabia yake. Imetendewa tofauti, ndiyo maana imetoka tofauti.

Mshukiwa wa kwanza ni malighafi. Tulikuwa na mifuko miwili iliyobaki ya punje zile zile za Nairobi, tukaizungusha: vifuniko vikatoka vile vile vidogo. Mashine nayo ilikuwa tofauti, kwa hiyo tukaongeza shinikizo la kushikilia baada ya kujaza. Vikakua kidogo, havikutosha. Usiku huo nilifungua daftari kutafuta sekunde za kupoza, na kwenye mstari wa chini kabisa nikakuta maandishi yangu mwenyewe: *maji 19*.

Nilikwenda kwenye bomba na kipimajoto. Nyuzi 29.

Ukishaliona hilo, mengine yote yanajipanga. Kiwanda cha Nairobi kilipoza maji yake kwa mnara: maji yanadondoka, hewa inapita, sehemu inavukizwa na inayobaki inapoa. Mnara wa namna hiyo hauwezi kupoza maji chini ya kiwango ambacho unyevu wa hewa unaruhusu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai ni mwezi wake wa baridi. Dar es Salaam iko ufukweni, na mwishoni mwa Oktoba hewa yake imeshashiba mvuke. Mnara ni wa aina ile ile, pampu ile ile, lakini maji yanafika moldini yakiwa na nyuzi kumi zaidi. Moldi ya joto inaipoza polietilini polepole, na inapopoa polepole minyororo yake ya molekuli inapata nafasi ya kujipanga kwa msongamano zaidi. Inasinyaa zaidi. Juu ya hapo tulikuwa tumenakili sekunde za kupoza za Nairobi kama zilivyo, kwa hiyo kifuniko kilitoka moldini kikiwa bado cha moto na kikaendelea kusinyaa mezani bila chuma cha kukizuia.

Tulikodi chila, mashine inayopoza maji kama friji inavyofanya, tukaishusha hadi nyuzi 18 na kuongeza sekunde nne za kupoza. Vifuniko vya siku ya pili vilipima 297.1. Vilifunga.

Fikiria sasa kama grainda ingeingia. Tundu lingepanuliwa kwa 0.7 mm, vifuniko vingefunga wiki hiyo, na sifa angepewa fundi. Ungefika Julai, maji ya Dar yakapoa kwa nyuzi kadhaa, vifuniko vikaanza kulegea. Siku kiwanda kingenunua chila, kama kila kiwanda cha aina hii kinavyoishia kununua, vingevuja. Na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi ila kwa kuchomelea, kwenye uso ambao hautaki kuchomelewa. Namheshimu fundi yule. Alikuwa na mkono mzuri na nia njema, lakini hakuwa na kitu cha kumwambia kwamba chuma hakina kosa.

Beseni

Wiki mbili baadaye ikapanda moldi ya beseni la sentimita 50, mojawapo ya zile nne ambazo sikuziskani. Kila beseni lilitoka na flashi upande mmoja, ulimi mwembamba wa plastiki uliopenya mahali nusu za moldi zinapokutana. Niliiskani. Kwenye uso wa kufungia, karibu na nguzo moja, kulikuwa na mbonyeo wa urefu wa milimita 90 na kina cha 0.12. Polipropilini, plastiki ya mabeseni hayo, inapenya kwenye mwanya wa maikroni thelathini tu, kwa hiyo hapakuwa na fumbo la kwa nini.

Fumbo lilikuwa ni lini. Muuzaji alisema moldi iliondoka nzima. Msafirishaji alisema lori halikupata ajali na mizigo yote ilifika imefungwa. Mnunuzi alisema analipia moldi inayofanya kazi. Wote watatu walinitazama mimi, mtu wa leza, nami nilikuwa na picha nzuri sana ya hali ilivyokuwa baada ya kufika na sikuwa na chochote cha kabla. Skani ya kitu kilichokwisha kufika inaeleza kilichofika. Haiwezi kueleza kilichoondoka.

Nilijaribu njia ya mzunguko. Ndugu yangu mmoja anaishi Nairobi, nikamwomba anunue sokoni mabeseni matatu yenye alama ya kiwanda kile na anitumie kwa basi. Yalipofika niliyaskani na kuyatazama ukingo kwa lenzi. Mahali pale pale, upande ule ule wa nguzo, kulikuwa na alama za kisu: mtu alikuwa akikata flashi kwa mkono kabla beseni halijaingia dukani. Kwa hiyo kasoro ilikuwepo kabla ya safari. Lakini kisu kinafuta ushahidi wa ukubwa. Mabeseni yale hayakuweza kusema kama mbonyeo ulikuwa wa 0.04 ukapigwa njiani hadi 0.12, au ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Na hayakuwa na tarehe. Yangeweza kuwa ya mwaka huo au ya miaka mitatu nyuma.

Ubishi ule ulichukua wiki tano na ukaharibu uhusiano ambao ulikuwa mzuri. Kuiskani moldi ile Nairobi kungechukua saa tatu.

Ambayo leza haiyaoni

Nisije nikaeleweka kwamba skana ni jibu la kila kitu. Leza inaona kinachoonekana. Njia za maji zilizo ndani ya chuma haizioni kabisa. Kwa hizo nilipima lita zinazopita kwa dakika katika kila njia, na kwenye moldi mbili nilipitisha kamera nyembamba ya bomba, nikakuta ukoko wa chokaa ulioziba karibu nusu ya tundu. Mbavu nyembamba na zenye kina, kama zile za chini ya kigoda, nazo ni shida: mstari wa leza unafika chini lakini kamera haiuoni kutoka pembeni. Hapo nilikanda silikoni ya kuchukulia chapa, ile ambayo madaktari wa meno wanaitumia, nikaijaza kwenye ubavu, nikaitoa na kuiskani yenyewe, kisha nikaligeuza umbo ndani ya kompyuta.

Leza pia haijui nia. Moldi ya jagi ilikuwa na ukuta mmoja mwembamba kuliko mwenzake kwa 0.2 mm. Je, ni uchakavu, au aliyeitengeneza alitaka hivyo ili plastiki ijae sawasawa? Mzee wa Nairobi alikuwa ameniambia ni makusudi, walipunguza wenyewe baada ya mpini kuwa unabonyea. Bila maelezo yake, mtu wa kuchora angeusawazisha kwa nia njema na kurudisha tatizo lililokwisha kutatuliwa.

Kwa sababu hiyo nilikabidhi faili za aina mbili kwa kila moldi, na nikasisitiza zisichanganywe. La kwanza ni wavu kama ulivyotoka kwenye chuma, na mikwaruzo na viraka vyake, usioguswa. La pili ni mchoro safi uliojengwa juu ya wavu huo, wenye maelezo ya kila mahali nilipoamua kitu: hapa nimenyoosha, hapa nimeacha. Na kwenye jina la kila faili niliandika *mm*, kwa sababu aina ya faili inayotumika sana kuhifadhi wavu haibebi kizio. Atakayeifungua miaka kumi ijayo asije akadhani ni inchi.

Mbonyeo wa beseni hatimaye ulijazwa kwa kuchomelea na kusawazishwa, kwa kufuata sura ya upande wa pili ambao haukuumia, na gharama ikagawanywa mara tatu bila yeyote kukubali kosa. Mabeseni sasa yanatoka safi. Moldi ya sahani, kigoda na beseni la tatu niliziskani zote kabla hazijapanda mashine. Kila moldi ina jalada lake ofisini kwa meneja, na ukurasa wa kwanza wa kila jalada una safu mbili, ya Nairobi na ya Dar. Kwenye majalada manne safu ya Nairobi ni tupu. Kwenye yale saba mengine, mstari wa mwisho wa safu hiyo ni joto la maji.